Padre Placide Tempels na Hekima ya Baluba wa Kamina

Watu wengi wakisikia neno filosofia hudhani ni mali ya Wazungu tu, jambo lililofungwa katika vitabu vinene vya seminari. Sivyo. Filosofia maana yake ni kupenda hekima, nayo huanza pale mtu asipotosheka kuuliza, "Nitakula nini leo?" bali anauliza, "Mimi ni nani? Nimetoka wapi? Jambo jema ni lipi, na kwa nini ni jema?" Maswali hayo yaliulizwa Athens na Roma. Yaliulizwa pia huku kwetu, kando ya moto, kwa Kiluba, kabla ya reli kufika Kamina.

Tena, kitabu kimoja kilichotokana na maswali hayo kimesomwa na wataalamu wa nchi nyingi, hali katika parokia zetu wengi hawakijui hata jina. Ni kitabu cha Padre Placide Tempels juu ya filosofia ya Wabantu, kilichopigwa chapa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Wako waliokisifu sana, na wako waliokikataa kabisa. Katika makala hii twataka kueleza kwanza kitabu kilitokeaje. Pili, kinasema nini juu ya Mungu, maarifa, wema na haki, tukilinganisha na wenye hekima wa mataifa mengine. Na tatu, kwa nini kilileta mabishano, na mabishano hayo yanatuhusu nini sisi Wakristu wa leo.

YEYE ALIKUWA NANI?

Padre Tempels alizaliwa Berlaar, katika nchi ya Ubelgiji, tarehe 18 Februari 1906. Alipobatizwa aliitwa Frans. Jina la Placide alilipata alipoingia shirika la Wafransisko. Alipewa upadre mwaka 1930, na mwaka 1933 akafika Kongo. Wafransisko ndio waliokuwa wamekabidhiwa sehemu hizi za Lulua na Katanga ya kati, naye akatumwa kwa Baluba, akafanya kazi Kamina na katika misioni nyingine za nchi hiyo.

Kamina ya siku zile ilikuwa mji mchanga. Reli iliyotoka Elisabethville ilikuwa imefika Bukama mwaka 1918, na kipande cha Bukama mpaka Port-Francqui, kupitia Kamina, kilikwisha mwaka 1928. Watu wa makabila mengi walikuja kutafuta kazi. Lakini pembeni mwa reli, nchi ilikuwa bado nchi ya Kasongo Nyembo, mmoja wa wafalme wa ukoo mkubwa wa Baluba, na wazee walikuwa bado wakikata mashauri kama walivyofundishwa na baba zao.

Padre Tempels mwenyewe alisimulia, katika kitabu chake cha mwaka 1962, kwamba miaka yake ya kwanza alikuwa kama bwana mkubwa. Alifundisha, aliamuru, alitaka mila ziachwe na dini ishike mahali pake. Lakini aliona kwamba maneno yake yalipita juu ya vichwa vya watu kama upepo. Walisikiliza, waliitikia, walibatizwa. Na siku ya ugonjwa au ya msiba walirudi kwa mganga. Akajiuliza: watu hawa si wajinga, wala si wanafiki. Basi kuna nini ndani yao ambacho mafundisho yangu hayakigusi? Ndipo akaanza kuuliza badala ya kujibu. Alijifunza Kiluba vizuri, akasikiliza methali, majina, salamu, maneno ya mazishi na ya mashauri.

Tukumbuke pia nyakati zile. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya pili. Watu wa Kongo walilazimishwa kufanya kazi zaidi na zaidi. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa migodi Elisabethville waligoma wakitaka mshahara wa kutosha, na askari wakawapiga risasi, watu wengi wakafa. Mwezi wa Februari 1944 askari wenyewe wakaasi Luluabourg, yaani Kananga ya leo. Wakubwa wengi wa serikali walisema, "Ni fujo tu za washenzi." Padre Tempels aliandika mwaka huo huo katika gazeti la Elisabethville, L'Essor du Congo, kwamba uasi ule ulikuwa na sababu zake, na kwamba Wazungu walikuwa wakitawala watu wasiowafahamu. Maneno hayo hayakumpatia marafiki wengi katika ofisi za serikali.

Kitabu chake alikiandika kwa Kiflamandi. Alisaidiwa na mawazo ya hakimu Emile Possoz, aliyeandika kitabu juu ya sheria za mila. Padre Hulstaert, mmisionari mwenye kuhariri jarida la Aequatoria huko Coquilhatville, ndiyo Mbandaka ya leo, alihusika nacho pia. Mwanasheria Antoine Rubbens wa Elisabethville akakigeuza kwa Kifaransa. Ndivyo ilivyokuwa kwamba hekima ya wazee wa Kamina ilipita katika lugha mbili za Ulaya kabla haijawafikia wenyeji wa Kongo waliosoma.

JUU YA MUNGU

Katika nchi ya Wagiriki, mwenye hekima Aristotle, aliyeishi tangu mwaka 384 mpaka 322 kabla ya Kristu, alitazama mwendo wa vitu vyote akasema: kila kinachosogezwa kinasogezwa na kingine, lazima basi yuko mmoja anayesogeza vyote naye hasogezwi. Karne nyingi baadaye, Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alichukua njia hiyo akaiongeza, akafundisha kwamba kwa akili tu mtu aweza kujua kwamba Mungu yupo. Lakini Mungu wa Aristotle anakaa mbali. Anawaza mawazo yake mwenyewe. Hasikii sala ya mtu wala hajui njaa yake.

Baluba hawakuanza na mwendo. Walianza na uzima. Kwa maelezo ya Padre Tempels, jambo la kwanza ambalo Muluba huliona katika kila kitu ni nguvu. Mzungu husema, "Kitu hiki kipo, tena kina nguvu," kana kwamba nguvu ni nguo aliyoivaa mwenye kuwapo. Muluba, asema Padre, husema kuwapo kwenyewe ni nguvu. Kuwa hai ni kuwa na nguvu; kuugua, kutukanwa, kukosa watoto, kufilisika, yote hayo ni kupungukiwa na uzima. Ndiyo maana twasema "nimekufa" hata kwa uchovu, na hakuna anayekimbia kuchimba kaburi.

Basi Mungu, ambaye Baluba humwita Leza, au Vidye, au Shakapanga, ndiye mwenye nguvu kwa nafsi yake mwenyewe, hakupewa na mtu. Yeye ndiye anayewapa wengine nguvu, ndiye anayezitunza na kuziongeza. Chini yake wako baba wa kwanza wa koo. Chini yao wazee waliotutangulia. Kisha watu walio hai, kila mmoja kwa ngazi yake ya uzazi. Na chini ya watu wako wanyama, mimea na mawe. Hakuna aliye peke yake katika mpango huo. Nguvu hugusana, kama nyuzi za utando wa buibui: ukitikisa uzi mmoja, wote hutikisika.

Mkristu akisikia hivyo atakumbuka mahubiri ya Mtakatifu Paulo mbele ya wenye hekima wa Athens. Hakuwaambia kwamba hawana habari ya Mungu. Alianza na altare yao wenyewe, akawaongoza kutoka hapo. Padre Tempels alitaka kufanya vivyo hivyo Kamina.

JUU YA MAARIFA

Tukiuliza, "Mtu hupataje kujua?" wenye hekima hawajibu sawa. Plato alisema kujua ni kukumbuka yale ambayo roho iliyaona zamani. Aristotle alisema maarifa huanza katika macho, masikio na mikono. Mtakatifu Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 katika Afrika ya Kaskazini, alisema walimu wa nje wanatupigia kelele tu za maneno, bali Mwalimu wa kweli yumo ndani, naye ni Kristu.

Kwa Baluba, Padre Tempels aliona tofauti kubwa kati ya ufundi na hekima. Kijana aweza kujifunza kusoma, kuandika, kuendesha gari la moshi, kutengeneza mashine. Huo ni ufundi, nao ni mzuri. Lakini kuwa na hekima ni kujua nguvu za vitu na za watu: nani ametoka kwa nani, neno gani huponya na neno gani huua, jambo gani linaunganisha ukoo na lipi linauvunja. Hekima hiyo hutoka kwa Mungu na kwa wazee. Mtoto hawezi kuijua peke yake bila kupitia kwa waliomtangulia.

Hapa yafaa tuseme ukweli pande zote mbili. Jambo hili lina uzuri mkubwa, kwani linamzuia kijana asidhani kwamba cheti cha shule kimemfanya mtu kamili. Lakini lina hatari pia. Ikiwa mzee tu ndiye anayejua, nani atamwambia mzee kwamba amekosea? Sokrate aliuawa Athens mwaka 399 kabla ya Kristu kwa sababu aliwauliza wakubwa maswali wasiyoweza kujibu. Kila taifa lina wivu wa namna hiyo. Hekima yahitaji wazee wa kuipokeza, tena yahitaji vijana wanaoruhusiwa kuuliza.

JUU YA WEMA NA UBAYA

Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mwema kwa kuzoea kutenda mema, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Kant, Mdachi aliyekufa mwaka 1804, alisema wema ni kutii wajibu ambao akili yenyewe inauamuru, hata kama hupati faida. Baluba wangeuliza swali jingine: tendo hili linaongeza uzima, au linaupunguza?

Kipimo hicho ni wazi, hata mtoto hukifahamu. Kumpa mgeni chakula ni kwema kwa kuwa kunaongeza uzima wake na wa mji. Kumdharau mzee ni kubaya, hata kama hakuna kitu kilichovunjika, kwa kuwa kunapunguza uzima ndani ya mwenye kudharauliwa, na katika ukoo wote. Tena Padre Tempels aliona kwamba Baluba walipima makosa kwa nia. Anayetenda mabaya akiyapenda na kuyataka, huyo ndiye mwovu wa kweli. Anayetenda kwa hasira, akiwa amechokozwa, ana hatia iliyo ndogo. Na yuko aliyeleta madhara bila kujua. Huyo hulazimika kusafishwa, lakini hahesabiwi sawa na wa kwanza. Wasomaji wanaojua mafundisho yetu juu ya dhambi, kwamba yahitaji kujua na kukubali, wataona kwamba wazee wa Kiluba hawakuwa mbali.

JUU YA HAKI

Plato aliandika kitabu kizima kuuliza haki ni nini. Alijibu kwamba haki ni kila sehemu kufanya kazi yake, katika roho ya mtu na katika mji. Aristotle aliongeza kwamba mwamuzi ni kama mtu anayesawazisha mistari miwili: anakata palipozidi na kuongeza palipopungua.

Tuchukue mfano mdogo. Mtu ameachiwa kondoo wa jirani yake, na kwa uzembe wake kondoo akaliwa na fisi. Hakimu wa mjini atauliza bei ya kondoo, ataamuru ilipwe, kisha atafunga daftari. Wazee wa mila wataamuru zaidi ya kondoo mmoja. Mgeni akiona hivyo atasema, "Huu ni unyang'anyi!" Lakini Padre Tempels aliwafahamu. Wazee hawapimi kitu kilichopotea tu. Wanapima jeraha la mwenye kitu. Amepata huzuni, amedharauliwa, uzima wake umepunguka. Malipo ni ya kumrudishia uzima, na kuwafanya hao wawili waweze kukaa tena kando ya moto mmoja. Haki isiyorudisha amani, kwao ni hesabu tu.

Hebu tufikiri jinsi jambo hili lilivyohukumu serikali ya wakoloni. Mtu aliyelimishwa pamba kwa nguvu, au aliyechapwa kiboko mbele ya watoto wake, alilipwa nini? Hata kama angelipwa franka, jeraha la uzima wake lingelipwa na nani?

MABISHANO

Kitabu kilipotoka, wakubwa hawakukubaliana. Askofu Jean-Félix de Hemptinne wa Katanga, Mbenedikto mwenye sauti kubwa katika nchi, hakukipenda, akaona kina hatari kwa imani na kwa utawala. Mwaka 1946 Padre Tempels alirudi Ubelgiji, wala hakuonekana tena Kongo mpaka mwaka 1949. Mwaka huo huo wa 1949, huko Paris, Alioune Diop wa Senegal, mwanzilishi wa Présence Africaine, alikitoa kitabu upya kwa furaha, akiona kwamba mwishowe Mzungu mmoja amekiri kwamba Mwafrika anafikiri.

Lakini Waafrika nao hawakuwa na neno moja. Mwaka 1950 Aimé Césaire, mtunzi wa kisiwa cha Martinique, alikisema vikali. Alisema kwa ufupi hivi: mnatwambia kwamba Mbantu hatamani mshahara mzuri wala nyumba nzuri, bali anatamani kuheshimiwa nguvu zake tu; basi mwenye migodi atashukuru sana, maana heshima haimgharimu kitu. Neno hili linachoma, nalo halikosi ukweli. Padre Tempels hakuwa na nia hiyo, lakini kitabu kikishatoka mkononi mwa mwandishi, kila mtu hukivuta kwake.

Padre Alexis Kagame wa Rwanda, mwaka 1956, alishika njia nyingine. Alisema: kabla ya kusema Wabantu wanafikiri nini, tutazame lugha yao. Katika Kinyarwanda aliona maneno manne yenye shina moja la -ntu: la mtu, la kitu, la mahali na wakati, na la namna. Hata msomaji wa Kiswahili ataona shina hilo likijificha katika "mtu" na "kitu". Kagame hakukubali kwamba kuwapo na nguvu ni kitu kimoja. Kwake, hekima imo katika lugha yenyewe, imngojee mwenye kuichimba.

Baadaye wakaja walio wakali zaidi. Mwaka 1968 Fabien Eboussi Boulaga wa Kamerun alionyesha nyufa katika kitabu. Katika miaka ya 1970 Paulin Hountondji wa Benin akasema filosofia si mawazo ambayo kabila zima linayo bila kujua. Filosofia ni kazi ya mtu mwenye jina, anayeandika au kusema hoja zake, na wenzake wakambishia. Na V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi katika Katanga yetu mwaka 1941, akaonyesha mwaka 1988 jinsi elimu nyingi juu ya Afrika ilivyotungwa kwa maneno na mahitaji ya Wazungu.

Sisi twaonaje? Twaona kwamba Hountondji amegusa kidonda. Padre Tempels alisema kwamba Baluba hawawezi kupanga mawazo yao katika mafundisho kamili, na kwamba ni kazi ya Wazungu kuwapangia, kisha wao watatikisa kichwa kwa kukubali. Hapo alikosea. Wazee waliomfundisha walikuwa watu wenye majina. Bila shaka mmoja aliona hivi na mwingine aliona vile; mmoja alikuwa na akili kali na mwingine alirudia tu ya zamani. Lakini katika kitabu wote wamekuwa "Wabantu", sauti moja isiyo na uso. Tunamjua Sokrate kwa sababu Plato, mwanafunzi wake, aliandika jina lake. Sokrate wa Kamina alikuwa nani? Mwanafunzi wake hakuandika.

JAMAA

Padre Tempels aliporudi Kongo hakuandika tena vitabu vya kubishana na wataalamu. Mwaka 1953, huko Ruwe karibu na Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa migodi ya Union Minière, alianza kukutana na watu wachache, waume na wake zao. Hakuwauliza tena, "Mababu waliamini nini?" Aliwauliza, "Ninyi mnatamani nini kuliko vyote?" Wakajibu, naye akayashika majibu yao katika maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Akawaonyesha kwamba mambo hayo matatu wanayoyatamani ndiyo aliyokuja Kristu kuyatoa. Kundi hilo likaitwa Jamaa.

Jamaa ilienea Katanga na Kasai. Mume na mke walijifunza kusemezana mioyo yao, jambo ambalo wengi hawakulijua. Padre aliitwa baba, naye akawaita wanawe, tena baba na mama. Hakuna asiyejua kwamba baadaye yalitokea makundi yaliyopotoka, yakitafuta siri na ndoto, hata maaskofu wakalazimika kuweka masharti. Padre Tempels alikwisha kurudi Ubelgiji mwaka 1962, mgonjwa, akakaa kimya mpaka alipokufa Hasselt tarehe 9 Oktoba 1977. Lakini katika Jamaa kosa la kitabu lilianza kuponywa, maana pale watu hawakusemewa, walisema wenyewe.

PALE HEKIMA INAPOJIKWAA

Wasomaji, kuna swali moja ambalo hekima yo yote, ya Wagiriki au ya Baluba, hupimwa kwalo. Ni swali la mtu dhaifu.

Ikiwa kuwapo ni nguvu, basi asiye na nguvu amepungukiwa na kuwapo kwake. Mwanamke asiyezaa, kipofu, mwenye ukoma, je, ni watu nusu? Tena, ikiwa mtu aweza kupunguza uzima wa mwenzake kwa nia ya siri, basi kila ugonjwa una mwenye kuulaumiwa. Mtoto amekufa kwa homa. Macho yanamgeukia bibi kizee wa jirani. Mawazo yale yale yanayomfanya mzee aheshimiwe kama chemchemi ya uzima, ndiyo yanayomfanya ashukiwe kuwa mlozi. Hilo si jambo la zamani tu. Mpaka leo, katika Kongo yetu, wako wazee na hata watoto wadogo wanaofukuzwa nyumbani kwa neno hilo, na wakati mwingine wanaolitamka neno hilo wanashika Biblia mkononi.

Lakini asitokee mtu akasema, "Mnaona! Ni mawazo ya kishenzi." Plato, katika mji wake wa haki, alitaka watoto waliozaliwa na kasoro wafichwe mbali. Aristotle aliandika kwamba mtoto mlemavu asilelewe, na kwamba watu wengine ni watumwa kwa maumbile. Wakubwa hao wa akili walijikwaa pale pale. Na Wazungu waliowasoma katika shule zao ndio waliomwekea Mkongo kiboko mgongoni. Kwa hiyo hakuna taifa linaloweza kulicheka jingine.

Hapa ndipo Injili inapoleta neno ambalo hekima hazikulifikia kwa nguvu zake. Thamani ya mtu haipandi na kushuka pamoja na nguvu zake. Aliyetundikwa msalabani alikuwa amepungukiwa na vyote: nguvu, heshima, rafiki, mavazi, naye ndiye Uzima. Mkristu wa Kiluba hahitaji kuacha kusema kwamba Mungu ni chemchemi ya nguvu zote. Anahitaji kuongeza kwamba chemchemi hiyo ilipenda kutiririka katika udhaifu. Bibi kizee anayeshukiwa, mgumba anayechekwa, mlemavu anayefichwa chumbani, wana uzima wote walioupewa na Mungu, wala hakuna jirani aliye na mkono mrefu wa kuupunguza thamani.

BASI, SISI JE?

Wakristu wa kwanza walikutana na Plato na Aristotle kama sisi tunavyokutana na wazee wetu. Mtakatifu Yustino, mfiadini wa karne ya pili, alifundisha kwamba hata katika Sokrate zilikuwamo mbegu za Neno. Hawakumeza yote, wala hawakutupa yote; walichambua. Kazi hiyo iliwachukua karne nyingi. Baba Mtakatifu Paulo VI, alipokuwa Kampala mwaka 1969, aliwaambia Waafrika kwamba sasa ninyi ni wamisionari wa nafsi zenu. Maana yake kuchambua huko ni kazi yetu, si ya mgeni tena.

Tunaweza kuanza na jambo lililo karibu. Katika kila parokia ya Haut-Lomami wako wazee wanaojua kukata shauri hata wagomvi wakaondoka wakiwa ndugu. Wako akina mama wanaojua maana ya majina ya ukoo, na kwa nini mtoto huyu alipewa lile wala si lile. Vijana wetu wana simu zenye kushika sauti na daftari za shule. Waende wakaulize. Na wanapoandika, wasiandike tu "Baluba husema". Waandike: mzee fulani, wa kijiji fulani, alisema hivi, na jirani yake alimbishia hivi. Wabishane nao kwa heshima. Na likitokea shauri la ulozi, wamsimamie yule anayeshtakiwa kabla ya kuuliza jambo jingine lo lote.

Padre Tempels alifungua mlango uliokuwa umefungwa na kiburi cha wakati wake, ingawa aliupitia akiwa ameshika daftari lake mwenyewe. Tumshukuru kwa mlango, tumwombee pumziko la milele. Sasa daftari iko mikononi mwetu, na wazee wetu wanapungua kila mwaka.